Ndama wa Mikono Mitatu

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Niite mwizi, dada, lakini punguza sauti. Mama Lugano hajafika hata darajani."

"Nipunguze sauti? Miaka yote hii nakunywa chai bila sukari, kumbe kuna panya anakula ndani ya kibubu changu!"

"Kibubu chako? Kwani wewe ulichuma chai? Fedha zilikuwa za kaka."

"Za kaka zilikuwa zinaishia njia panda! Mimi ndiye niliyezifikisha nyumbani."

"Haya. Na mimi ndiye niliyezitoa nje zikafanya kazi. Kama si mimi, leo ungekuwa unagombea ndama gani?"

Waliokuwa wakigombana ni dada wawili, na walikuwa ndani ya banda la ng'ombe. Mkubwa, Subilaga, alishika kamba mpya aliyoisokota kwa mikono yake. Mdogo, Atuganile, alishika kopo la dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ambayo alikwisha kuwaahidi majirani kabla ng'ombe hajamaliza kuzaa. Katikati yao alikuwa ndama jike, bado ana unyevu mgongoni, akijaribu kusimama na kuanguka, na mama yake akimlamba bila kujali kelele za watu.

Mama yao alipaza sauti kutoka jikoni. "Endeleeni tu! Watu wa ng'ambo ya kijito wamebakiza kujua tunachokula."

Ninyi mnaosikiliza, msicheke bado. Kaeni karibu niwaeleze jinsi ugomvi huu ulivyozaliwa, kwa sababu hukumu yake sitaitoa mimi.

Kwenye milima ya Rungwe, mahali ambapo mvua haiagi, paliishi mama mjane na watoto wake watatu. Wa kwanza alikuwa wa kiume, Ambakisye. Wa pili Subilaga, wa tatu Atuganile. Watu walisema mama yule alipewa mikono mitatu ya kujenga utajiri, ila mikono yenyewe ikagawanywa kwenye miili mitatu, na miili hiyo haikuelewana.

Mkono wa Ambakisye ulijua kupata. Shambani kwa wachuma chai hakuna aliyemfikia. Kapu lake lilijaa wakati wenzake bado wanafukuza umande, na akitoka huko alikwenda kupakia ndizi kwenye malori. Hakuugua, hakuchagua kazi. Lakini fedha mkononi mwake zilikuwa kama maji kwenye tenga. Siku ya mshahara alinunulia watu nyama choma, akanunua viatu juu ya viatu, akaweka vocha kwenye simu za watu asiowajua majina. Mwaka mmoja alirudi nyumbani amebeba spika kubwa kichwani, anatoka jasho, anacheka. Mama yake akamwuliza, "Mwanangu, tutaichomeka wapi?" Nyumba haikuwa na umeme. Spika ile ikawa kigoda cha wageni. Kila mgeni alipoikalia, Ambakisye alitoka nje.

Mwishowe yeye mwenyewe alimwendea Subilaga na kumwambia, akiangalia chini, "Dada yangu, siku ya mshahara nisubiri getini. Nikishapita njia panda sina tena fedha, nina hadithi."

Subilaga akawa anamsubiri getini. Wachuma chai wenzake wakapata mchezo.

"Amba! Askari wako amefika."

"Muacheni, akichelewa atafungiwa nje."

"Umeolewa, Amba, ila hujatuambia tuje kula pilau!"

Mwanamume yule mwenye mabega ya kubeba mikungu miwili alitoa fedha mfukoni mbele ya watu wote, akamkabidhi dada yake, akabakiza za sabuni. Hakuwahi kumwangalia usoni wakati wa kumpa. Kila mwezi alifedheheka, na kila mwezi alitoa.

Mkono wa Subilaga ulijua kushika. Alikuwa na kibubu, kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, chenye tundu jembamba juu, na kilikaa chini ya kitanda chake. Kilichoingia humo kilikuwa kimezikwa. Aliuza ndizi nzuri sokoni, nyumbani wakala zile zilizopondeka. Mgeni akija aliwekewa chai bila sukari, na akiuliza aliambiwa, "Sukari inaharibu meno." Watu walisema ana mkono wa birika, na walisema hata alipokuwa anasikia.

Binamu yao alipoolewa, wanawake wote wa ukoo walinunua kitenge cha sare. Subilaga alikataa. Alisema kitenge cha siku moja ni mguu mzima wa ng'ombe. Akaenda harusini na kanga yake ya kila siku, imefuliwa vizuri, imekunjwa vizuri. Mama mmoja wa kamati akamshika bega kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Mwanangu, kaa upande wa wapishi. Picha zisiharibike." Subilaga akaenda kuosha masufuria mpaka harusi ikaisha. Akiwa anarudi nyumbani alijiambia: ng'ombe akija, watanyamaza.

Lakini harusi ni jambo dogo. Baba Lugano, jirani yao wa upande wa juu, alipofariki, kila nyumba ilipeleka rambirambi. Kwetu msiba si wa mtu mmoja. Waombolezaji wanalala pale, wanakula pale, na asiyetoa anakumbukwa kuliko aliyetoa. Subilaga alikwenda na mzigo wa kuni kichwani. Alipoulizwa cha mkononi, alisema, "Sina." Alisema huku moyo wake uko chini ya kitanda. Mama yake, aliyekuwa ameketi mkekani pamoja na wafiwa, alijifunika kanga usoni. Watu walidhani analia kwa ajili ya marehemu.

Mkono wa Atuganile ulijua kutoa. Alikuwa na genge dogo kando ya barabara, la maparachichi na ndizi, na faida yake haikulala. Mtoto wa jirani akikosa daftari, alinunua Atuganile. Mzazi akijifungua, wa kwanza kufika na unga wa uji alikuwa Atuganile. Sare za harusi alikuwa nazo nyingi kuliko siku za kuzivaa. Watu walipomwona kwa mbali walitabasamu kabla hajafika. Lakini akilala usiku alikuwa hana hata kuku, na alijua kwamba wanaomtabasamia hawajui hilo. Kutoa ni moyo, husema wahenga. Ila hata gogo huisha kwa bandu bandu.

Basi siku ile ya msiba Atuganile alisikia wanawake jikoni. Mmoja alisema, "Yule Subilaga akifa tutampelekea kuni." Wakacheka. Wote walikuwa na macho mekundu ya moshi na msiba, na bado wakacheka. Atuganile alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda nyumbani.

Alichukua kijiti chembamba. Akakipaka ulimbo, ule utomvu unaonata ambao wavulana hutegea ndege. Akakiingiza kwenye tundu la kibubu, taratibu, kama mtu anayevua samaki, akatoa noti moja. Akaingiza tena. Akazitia kwenye bahasha, akaandika juu yake jina ambalo halikuwa lake. Aliandika: Subilaga.

Msiba uliisha, matanga yakaisha. Muda ukapita. Mama Lugano, akiwa peke yake katika nyumba kubwa, akaamua kwenda kuishi mjini kwa binti yake. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mpole, anayekamuliwa hata na mtoto. Mchuuzi mwenye lori akaja kumtaka. Mama Lugano akakataa, akateremka mwenyewe hadi kwa majirani wa chini. Akasema, "Nataka ng'ombe wangu aende kwa Subilaga. Lete ulicho nacho."

Nyumba nzima ilishangaa. Subilaga hakushangaa sana. Alidhani mama yule amemwona ni mtunzaji. Walipasua kibubu kwa mchi, Ambakisye ndiye aliyepiga. Zilizokuwemo hazikufika bei ya mchuuzi, hata karibu. Mama Lugano alizipokea zote bila kuzikunjua, akasema, "Zimetosha."

Ng'ombe akawa wa mama, kwa ajili ya uzee wake. Mama naye akatoa ahadi: ndama jike wa kwanza atakuwa wa mmoja wa watoto wake, awe mwanzo wa mali ya mtoto huyo. Bwana mifugo alipompima ng'ombe alisema, "Amekula miaka. Mkipata ndama mmoja, shukuruni. Wa pili msimtegemee."

Na leo ndama amezaliwa. Mama Lugano, ambaye alikuwa amerudi kijijini kusalimu kwa shemeji yake, alipita kumwona. Alimshika Subilaga mikono yote miwili palepale bandani.

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema, maana yake asante sana. "Yule wa lori aliniongezea na kuniongezea. Nikasema hapana. Bahasha yako ya msibani siwezi kuisahau."

"Bahasha?" Subilaga aliuliza.

"Ile yenye jina lako."

Subilaga aligeuka akamwona mdogo wake ameinamia kopo la dang'a, anatafuta nzi ambaye hayumo. Akaelewa. Akasubiri mpaka mgeni atoke. Ndipo mkasikia yale mliyoyasikia.

Ambakisye aliporudi kutoka kupakia ndizi aliwakuta bado wamesimama bandani. Mama aliwaita wote jikoni, akafunga mlango. Ambakisye akakosa kigoda, akakaa juu ya spika.

"Semeni," mama alisema. "Mmoja mmoja, na kwa sauti ya watu wanaoishi na majirani."

Ambakisye alisema, "Mimi, mama, ndiye niliyezipata. Wangeshika nini hawa, wangetoa nini, kama mgongo wangu usingeinama? Wazazi wa Enea, mchumba wangu, wananisubiri niwapelekee ng'ombe wa mahari. Baba yake aliniambia mbele ya watu, 'Kijana, mahari hayaletwi kwa spika.' Nilicheka nao. Nilipofika kwenye migomba nikakaa chini."

"Ungezipata ukazila," Subilaga alisema.

"Ndiyo. Ndiyo maana nilikupa. Hata huko kukupa kulikuwa kazi, dada. Wewe hujawahi kusimama pale getini ukiwa mimi."

Subilaga akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, "Mimi nilizishika. Kaka alitukanwa siku za mshahara, mimi nilitukanwa kila siku. Sina mume, sina sare, sina rafiki anayepita kwangu bila shida yake. Vyote hivyo niliviweka mle kisandukuni pamoja na fedha. Ndama huyu akiwa wangu, nitajua nilikuwa najenga. Nikimkosa, basi waliosema nina mkono wa birika walisema kweli."

Hapo Atuganile akaanza kulia. Lakini alisema ya kwake.

"Mimi nilizitoa. Nilivua noti chache, kibubu kizima kikatosha kununua ng'ombe. Nani kati yenu alifanya noti chache zikazaa hivyo? Mwezi wa mavuno naolewa, mama. Nimecheza harusi za kijiji kizima, na kwangu nitaingia bila hata kuku. Nitakuwa mke wa kuomba chumvi."

"Ulitoa kisicho chako," dada yake alisema.

"Nilitoa kwa jina lako! Ulitaka jina lako lizikwe na Baba Lugano?"

"Jina langu lilikuwa langu. Ungeniacha nalo."

"Wewe hukuwasikia walivyocheka."

Subilaga akaizungusha ile kamba mpya vidoleni.

Ambakisye aliuliza polepole, "Hatuwezi kumuuza tukagawana?"

Mama yao alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nimuuze? Fedha nazijua zinavyokufa humu ndani. Wewe utazila kabla ya kuchwa. Subilaga atazifungia mpaka panya wazile. Atuganile atazigawa kutoka hapa hadi sokoni. Ndama ana miguu minne, lakini hagawanyiki. Na mimi msinitazame kama hakimu. Mimi nilikula nyama za Ambakisye, nikanywa kwa siri chai ya Atuganile yenye sukari, na nikalala nikijivunia kibubu cha Subilaga. Kisha msibani nikajifunika uso, kana kwamba mwenye aibu alikuwa mwanangu peke yake."

Nje ndama alilia kwa mara ya kwanza, sauti nyembamba, na wote wanne wakaangalia mlango.

Mama alisema kwamba kesho asubuhi ndama atavishwa kamba, na atakayeishika kamba ndiye mwenyewe. Ile kamba mpya ilikuwa bado mkononi mwa Subilaga. Aliitazama, akaitundika kwenye msumari ukutani kama kitu cha kuazima. Akachukua kanga yake ya kila siku, akatoka, jua likiwa bado halijazama. Alipanda njia ya migomba hadi nyumbani kwa shemeji wa Mama Lugano, alikofikia mama yule. Njia nzima alikutana na watu waliomsalimia kwa heshima, "Habari za ndama, Subilaga?" na kila salamu ilimchoma, kwa sababu sasa alijua ilinunuliwa na nani.

Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, akasema bila kuinua macho.

"Mama, nimekuja kusema jambo. Bahasha ile haikutoka kwangu. Mimi nilikuja na kuni tu. Ulikuwa umefiwa, nami nilikuwa nazo, nikasema sina."

Basi, ninyi mliokaa karibu, hadithi yangu imefika mahali ambapo miguu yangu haivuki. Kamba iko ukutani, ndama yuko bandani, na asubuhi inakuja. Kuna mkono uliopata, ukachekwa getini. Kuna mkono ulioshika, ukachekwa harusini na msibani. Kuna mkono uliotoa, haukuchekwa na mtu, ila uliiba. Ukiuondoa mmoja, hakuna ng'ombe wala ndama. Je, wewe ungeamua vipi?

Lakini usinijibu haraka. Subilaga alidhani akisema kweli jambo litakuwa jepesi, hata kama litakuwa la kumwumiza. Mama Lugano alimsikiliza mpaka mwisho, akaegemea mwimo wa mlango, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, akasema:

"Mwanangu, noti za bahasha ile zilininata vidoleni kwa ulimbo. Nilijua siku ileile kwamba zimevuliwa kibubuni, na kibubu ni cha nani kijiji kizima kinajua. Nikaliheshimu jina lililoandikwa juu, nikanyamaza. Ng'ombe nilimtoa kwa kulipa fadhila, ila mpaka leo sijui nilimlipa nani: aliyezichuma, aliyezitunza, au aliyezivua akaniletea. Nenda nyumbani. Ukimjua, rudi uniambie."